Mseto wa Barua

Neno lilimtoka Mama Muhuri kabla hajalitafuna. Walikuwa wamekusanyika katika chumba cha kupangia barua, wengine wamekalia magunia matupu, wengine wameegemea kabati la visanduku, wakizungumzia sherehe ya kuagana. Posta yao ilikuwa inafungwa. Mwisho wa mwezi kila mtu angekwenda kituo chake kipya, huyu kusini, yule kaskazini, na kabla ya kutawanyika walitaka wale pamoja na wacheze pamoja. Mpishi alishapatikana. Ukumbi ungekuwa humohumo chumbani, meza zisogezwe ukutani. Kilichokosekana ni muziki, kwa sababu mtu wa spika waliyemtegemea alikuwa ameleta habari kwamba siku hiyo ana arusi mbili na hawezi kujigawa.

"Basi tutapiga makofi wenyewe," alisema mkuu wa ofisi.

"Au tumwite Barua ya Kawaida," alisema Wembe, karani wa kike wa dirishani, na chumba kizima kikaangua kicheko.

Barua ya Kawaida alikuwa mume wa Mama Muhuri. Kazi yake ilikuwa ufundi wa makochi, lakini alikuwa na kinanda cha umeme na vidole vyepesi, na dereva wao alipostaafu ndiye aliyeitwa kutumbuiza. Alipiga vizuri, hakuna aliyebisha. Ila kila wimbo ulipoisha alisimama, akakuna kidevu, akabonyeza kitufe hiki, akabonyeza kile, akajaribu mdundo huu akauacha, na mpaka apate wimbo mwingine wachezaji walikuwa wameshakaa na wanamenya machungwa. Wembe ndiye aliyesema siku ile, "Kinanda cha huyu bwana ni kama barua ya kawaida. Kufika kinafika, lakini ukikaa kukisubiri utaota mvi." Jina likaganda kama stempu iliyolambwa vizuri.

Mama Muhuri naye alikuwa na jina la kupachikwa, alilopewa kwa namna alivyogonga muhuri juu ya barua kama anayeua mende. Hilo hakulichukia. La mumewe ndilo lililomkaa kooni, na leo lilimpanda.

"Atapiga," alisema. "Mume wangu atapiga. Na safari hii hakuna atakayekaa."

Kicheko kilikatika. Wembe akamtazama kwa macho ya huruma ya uongo. "Hakuna atakayekaa, dada, au hakutakuwa na viti?"

"Leteni viti vyote vya jengo hili. Vipangeni hata mpaka mlangoni. Mtaishia kuvitazama."

Watu wakapiga vigelegele, mkuu wa ofisi akasema, "Imepita," na mkutano ukafungwa. Mama Muhuri alirudi mezani pake, akagonga barua moja, akagonga ya pili, ndipo akatambua alichoahidi. Ulimi hauna mfupa, na wake siku hiyo haukuwa hata na breki.



Alimkuta mumewe barazani, mbele ya nyumba, amepiga goti mbele ya mkono wa kochi. Alikuwa amebana misumari midogo midomoni na anavuta kitambaa kwa nguvu zake zote. Kinanda kilikuwa pembeni, kimefunikwa shuka, na juu ya shuka zimerundikwa sponji za makochi mpaka karibu na paa. Tangu siku ile ya dereva hakikuguswa.

Mama Muhuri alimweleza yote akiwa bado amesimama, mkoba begani. Fundi alitema misumari kiganjani, mmoja mmoja.

"Umewaambia nini?"

"Kwamba hawatakaa."

"Umeninadi mnadani bila kuniuliza bei." Sauti yake ilikuwa ya chini, na hilo lilimtisha mkewe kuliko kama angepiga kelele. "Unafikiri sijui wanavyoniita? Juzi mteja kaleta kochi hapa, akaniuliza mbele ya mama yangu, 'Fundi, hili nalo ni barua ya kawaida, au nitalipata kabla sijafa?'"

Mama Muhuri hakuwa na habari. Muda wote alikuwa amelificha jina lile kama mtu anayeficha ugonjwa, kumbe mgonjwa mwenyewe anaujua. Akakaa kwenye kochi lisilo na kitambaa, chemchemi zikamchoma.

"Nisamehe," alisema.

"Niambie kwanza. Ulisema kwa ajili yangu au kwa ajili yako?"

Angeweza kudanganya. "Kwa ajili yangu," alisema. "Nimechoka kuchekwa."

Fundi aliitikisa misumari kiganjani, ikalia. Kutoka ndani ya nyumba ikasikika sauti ya mama yake, mwanamke mwenye masikio ya paka na ulimi wa pilipili. "Angalau kasema kweli! Sasa ondoeni hizo sponji kabla panya hawajaoana humo ndani."

"Mama, usiingilie."

"Naingilia." Mama mkwe akatoka akijifuta mikono. "Wewe ulivyojifungia kama mwari, kosa lako si vidole. Kosa lako ni kimya. Watu wakicheza ni kama moto wa mkaa, ukiacha kupepea unalala. Unamaliza wimbo, unaanza kutafuta mwingine, unataka wao wafanye nini? Wakupigie saluti?"

"Nitafanyaje? Wimbo ukiisha umeisha. Hapo nakuwa na nyimbo zote za dunia kichwani, sijui nishike upi."

Mama Muhuri aliinuka kwenye chemchemi. Hilo alilifahamu. Kila asubuhi gunia lilimwagwa mezani pake, barua za pande zote zimechanganyika, na mtu ambaye angeanza kuitafuta barua moja katika lile rundo angekaa hapo mpaka jioni. "Huwezi kutafuta kwenye rundo," alisema. "Kwanza unapanga. Nyimbo za aina moja, sanduku moja. Unachukua za sanduku hilo tu, unaziweka kwa mpangilio, moja inaingia ndani ya nyingine. Wimbo ukiisha uwe umeshaingia kwenye wa pili na mtu asijue ameingiaje."

"Mseto," alisema fundi polepole. "Wa aina gani lakini?"

"Za mapenzi?"

"Zote ni za mapenzi."

Mama mkwe aligonga paji la uso. "Jamani, mbona mko hivi? Ni watu wa posta hao! Barua! Wapigieni nyimbo za barua!" Na bila kungoja akaanza kuimba, mkono kiunoni, wimbo wa kijana anayeandika kwa mwanga wa taa na kila mstari anaufuta kwa machozi. Fundi alikuwa ameshaanza kutupa sponji chini.



Tangu hapo nyumba haikukalika. Kila jioni Mama Muhuri alipotoka kazini alikuta kinanda kimeunganishwa umeme barazani, na mama mkwe amekumbuka mwingine. Ulikuwapo wa binti anayemsubiri mleta barua langoni. Ulikuwapo wa mke anayemwomba mumewe wa mbali atume picha, maana mtoto ameanza kumwita jirani baba. Ulikuwapo wa simu ya mezani ya nyumba ya pili, iliyofanya mtu akimbie bila viatu akakute imekatika. Jirani mwenye duka la vipuri alikuja kulalamika kelele, akaondoka amewapa wimbo wa namba isiyopatikana.

Walizipanga kama hadithi. Kwanza kuandika, kisha kutuma, kisha kusubiri, kisha kupokea, ndipo simu ziingie kwa fujo mwishoni. Kupanga kulikuwa rahisi. Kuunganisha ndiko kulikowatoa jasho. Wimbo wa taa ulikuwa na mapigo matatu, wa langoni manne, na fundi kila alipovuka kutoka huu kwenda ule alijikwaa kama mtu aliyekosa ngazi gizani.

"Pale, pale!" alipiga kelele mkewe. "Pale ndipo watakapokaa!"

"Napaona! Unafikiri sipaoni?"

"Zima ngoma ya mashine," alisema mama mkwe.

"Nikiizima kutakuwa kimya."

"Kimya gani na mimi nipo?" Akapiga makofi, matatu, matatu, kisha akaongeza moja. Fundi aliacha mkono wa kushoto ushikilie besi, akamsikiliza mama yake, na kofi la nne lilipoanguka akaingia na wimbo wa langoni. Walitazamana wote watatu. Hakukuwa na ufa. Fundi aliruka kutoka kwenye kiti chake akamkumbatia mama yake, akamkumbatia mkewe, na mteja aliyekuja kuchukua stuli yake akasimama njiani asijue kama apongeze au arudi baadaye.

"Ni mshono," alisema fundi, akihema. "Ni mshono tu! Unauficha pale kitambaa kinapokunjwa. Sikiliza, mke wangu, do ya huu ni so ya ule, kwa hiyo sina haja ya kusimama, naegemea palepale nageuka!" Akageuka. Ikawa. Mama Muhuri, ambaye do na so zilikuwa kwake sawa na hesabu za mwezini, alijikuta anacheka kwa sauti. Hakuwa amemwona mumewe hivyo tangu uchumba.

Walikosana mara moja tu. Mama mkwe alikuwa ametaja wimbo ule ambao hakuna asiyeujua, wa mtu anayewauliza watu wa posta barua yake iko wapi.

"Huo hapana," alisema Mama Muhuri.

"Huo ndio mfalme wao! Mseto wa barua bila huo ni arusi bila bibi arusi."

"Mama, huo wimbo nimeimbiwa sokoni. Nimeimbiwa dirishani na mtu ambaye hata barua hakuandikiwa. Wameniita mwizi wa barua kwa tuni yake. Siuleti siku yetu ya mwisho."

Mama mkwe alifungua mdomo, lakini mwanawe akamwahi. "Humpigii mtu wimbo wa kumtukana kwenye sherehe yake mwenyewe. Tumeuacha."

"Mtajua wenyewe," alisema mama mkwe, na kwa jioni nzima akagoma kupiga makofi.



Siku ya sherehe, mchana wa Jumamosi, viti vilikuwa vimepangwa kweli. Wembe alikuwa amevitoa stoo, ofisini kwa mkuu, hata benchi la wateja lilikuwapo, vyote safu kwa safu kama kanisani. Yeye mwenyewe alikaa kiti cha mbele katikati, mguu juu ya mguu.

"Mimi nimeshaanza kukaa," alimwambia Mama Muhuri. "Usije ukasema nilikuficha."

Mkuu wa ofisi alimkaribisha mgeni. "Na sasa tunaye bwana wetu wa... wa..." Alikohoa. Mtu nyuma akamalizia jina lile kwa sauti ndogo, na vicheko vikapita safu zote kama upepo kwenye nyasi. Fundi alikuwa ameinamia nyaya. Shingo yake ilibadilika rangi, lakini aliendelea kuziunganisha. Mama mkwe, aliyevaa nguo yake ya thamani na mkoba mkubwa mweusi, alimwangalia aliyesema mpaka aliyesema akaanza kutafuta kitu sakafuni.

Kisha kinanda kikaingia, taratibu, kijana na taa yake. Watu walitabasamu kwa adabu. Mzee Kengele, mpelekaji barua aliyepachikwa jina kwa kengele ya baiskeli yake, alitikisa kichwa. Mama mkwe akapiga makofi matatu, matatu, akaongeza la nne, na kabla hawajajua wimbo wa kwanza umekwenda wapi, binti alikuwa langoni anamsubiri mleta barua.

"Ananisubiri mimi huyo!" Mzee Kengele aliruka juu, akaanza kuendesha baiskeli isiyokuwapo katikati ya chumba, akipiga kengele kwa ulimi. Hapo boma lilibomoka. Wapangaji barua walisimama, makarani walisimama, mpishi alitoka na mwiko mkononi. Wimbo wa langoni ukaingia ndani ya wimbo wa picha, na watu walipotambua ni barua tu, barua tupu, kwamba mtu ameketi akawafikiria wao, kelele ziliinuka hadi madirisha yakatetemeka. Hata Wembe alikuwa wima. Alikuwa anacheza kwa bega moja, kama anayejaribu maji kwa kidole cha mguu, lakini alikuwa wima.

Mama Muhuri hakucheza. Alisimama karibu na meza yake iliyosogezwa ukutani, mikono kifuani, akihesabu mishono. Huu umepita. Huu umepita. Sasa wanaingia kwenye simu.

Ngoma ya mashine ikafa.

Ilikatika katikati ya pigo, kama simu ile ya nyumba ya pili. Fundi alibonyeza kitufe. Akakibonyeza tena, akakigonga kwa kucha. Mkono wa kulia uliendelea kupiga, lakini bila ngoma sauti ya kinanda ilionekana nyembamba, uchi, na miguu ya watu ikaanza kupoteza njia. Mtu mmoja akasimama. Wawili. Mmoja akacheka. Wembe, bila kugeuka, alikuwa amepeleka mkono nyuma akitafuta kiti. Na Mama Muhuri aliona kile alichokuwa anakiogopa kuliko vyote: mkono wa kushoto wa mumewe umeacha kinanda na unapanda kuelekea kidevuni.

Hakufikiri. Juu ya meza palikuwa na muhuri wake wa mkono, ule wa mti uliochakaa mpini. Aliunyakua akaugonga kwenye mbao, ta-ta-TA, ta-ta-TA, mgongo mzima ukiwa nyuma ya kila pigo, na kinywa chake kikafunguka kwa wimbo pekee ambao alijua kila mtu mle ndani anaujua, kwa sababu kila mmoja wao aliwahi kutukanwa nao.

"Nimeandika kwa wino, stempu nikabandika! Barua yangu iko wapi? Watu wa posta, semeni!"

Chumba kilipigwa na butwaa. Hakuna aliyewahi kuusikia wimbo ule ukiimbwa humo ndani, na mmoja wao. Mama Muhuri alihisi uso unawaka. Aligonga tena, akauliza tena, sauti ikikwaruza, "Barua yangu iko wapi? Watu wa posta, semeni!"

Ndipo Mzee Kengele akatupa mikono hewani. "Anwani ulikosea!"

Kicheko kilicholipuka kilikuwa cha watu waliokuwa wamemeza jibu kwa miaka mingi na hawakuwahi kupewa nafasi ya kulitema. "Anwani ulikosea!" walirudisha wote. Mama Muhuri akapanda ubeti wa pili, ule wa mpenzi ambaye hakujibu.

"Mpenzi hakuipata! Watu wa posta, semeni!"

"Aliipata! Hakutaka!"

Sasa kila mtu alikuwa na muhuri. Waliopata mihuri waligonga meza, waliokosa waligonga visanduku, mpishi aligonga mlango kwa mwiko. Kinanda kilikuwa kinamtafuta Mama Muhuri, maana alikuwa ameanza juu, mahali ambapo mtu mwenye akili zake asingeanza. Fundi alipapasa, akapandisha nusu sauti, akakuta bado, akapandisha nyingine, na alipomkuta aliingia chini yake kwa nguvu hivi kwamba sauti ya mkewe ikaacha kukwaruza na ikasimama yenyewe.

Wembe alikuwa katikati, si wima wala si chini, magoti yamekunjwa, mkono wake umekifikia kiti. Ulikutana na mkoba mkubwa mweusi.

"Hapo pana mtu," alisema mama mkwe.

Wembe aliutazama mkoba. Akamtazama mama mkwe. Kisha akajinyoosha, akavua viatu vyake vya kisigino, akavitupa kwenye benchi la wateja, na kwa mara ya kwanza alicheza kwa mabega yote mawili. "Anwani ulikosea!" alipiga kelele kuwapita wote, kwa sababu ni yeye aliyekuwa dirishani, na hakuna aliyeimbiwa wimbo ule kuliko yeye.

Kutoka hapo fundi hakufuata tena mpango. Alirudi langoni, akakimbilia simu, akaitumbukiza barua iliyopotea katikati ya picha, na kila mshono ulishika kwa sababu ngoma ilikuwa ya mihuri na mihuri ilimsikiliza. Mkuu wa ofisi alikuwa na hotuba mfukoni. Ilibaki mfukoni. Walipoacha hatimaye, waliacha kwa sababu fundi mwenyewe aliinua mikono akasema vidole vimekwisha, na hata hapo walibaki wima, wameshikana mabega, jasho linawatiririka, wengine wanacheka na wengine wanafuta macho, kwa kuwa Jumatatu hawangekuwa tena watu wa chumba kimoja.

Wembe alimpelekea fundi maji kwa mikono miwili.

"Karibu maji, shemeji," alisema. Hakuongeza neno, na kwa Wembe, kutoongeza neno kulikuwa hotuba.



Jua lilikuwa bado liko juu ya mapaa walipobeba kinanda kurudi nyumbani, mume upande huu, mke upande ule, kama wanaopeleka mgonjwa. Mama mkwe alitangulia na mkoba wake akiwafokea wasikigonge kwenye nguzo. Mama Muhuri alikuwa na sauti ya chura na mkono wa kulia umevimba. Alitaka kuzungumza yote kwa mara moja: Mzee Kengele na baiskeli yake, uso wa mkuu, ule wakati sauti ilipomshika kutoka chini.

"Nilidhani utanilaumu," alisema. "Nilikataza wimbo, kisha nikauanza mwenyewe."

"Na uliuanzia darini," alisema fundi. "Nusura nipande ngazi kuja kukuchukua." Walicheka mpaka kinanda kikayumba.

Kona ya duka la vipuri fundi alisimama ghafla. Alishusha upande wake chini kwa uangalifu, akatazama juu, ingawa mbingu ilikuwa nyeupe na kavu, haina hata wingu la kusingizia. Vidole vyake vilikuwa vinacheza juu ya paja.

"Mvua," alisema. "Nyimbo za mvua, mke wangu. Ziko ngapi! Kuna ule wa manyunyu, unaoanza chinichini. Kuna wa mama anayeanua nguo. Nadhani ule wa nguo unaingia ndani ya manyunyu bila hata kubadilisha ufunguo."

"Sherehe ya nani tena hiyo?"

"Hakuna sherehe." Alimtazama kama anayeshangaa swali. "Nataka tu kujua kama zinashonana."

Miguu ya Mama Muhuri ilikuwa inawaka. Aliinua upande wake wa kinanda, akamngoja ainue wa kwake, na huko mbele mama mkwe, ambaye masikio yake hayakupitwa na jambo, alikuwa ameshaanza kuimba wa manyunyu.